Faida Inaingilia Mlango Gani?

Toys R Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ilipokimbilia mahakamani Septemba 2017 kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, karibu kila aliyeizungumzia alikuwa na mshitakiwa mmoja tu: Amazon. Watoto wamehamia kwenye simu, wazazi wananunua mtandaoni, duka lenye mlango na rafu limepitwa na wakati. Maelezo hayo yalikubalika haraka kwa sababu hayamlaumu mtu yeyote. Lakini kampuni hiyo ilikuwa bado inauza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 11 kwa mwaka. Kilichoinyonga kilikuwamo kwenye vitabu vyake vya hesabu tangu 2005, pale wawekezaji KKR, Bain Capital na Vornado walipoinunua kwa dola bilioni 6.6, sehemu kubwa zikiwa fedha za kukopa, na deni likabebeshwa duka lenyewe. Kuanzia hapo, zaidi ya dola milioni 400 zilitoka kila mwaka kuhudumia madeni. Fedha ambazo zingeboresha tovuti, zingeajiri wahudumu wanaozijua bidhaa na zingeyafanya maduka yapendeze tena zilikwenda kwa wakopeshaji. Kufikia mwisho wa Juni 2018 maduka yake yote ya Marekani yalikuwa yamefungwa.

Kwa hiyo chapa ya rejareja au ya chakula cha haraka inapoyumba, mimi huanza na swali moja kabla ya kuuliza habari za intaneti, ladha au ushindani: wanaoamua mambo ndani ya kampuni hii, mkate wao unatoka wapi? Kama unatoka kwa mteja aliyeondoka ameridhika na akarudi, kampuni ina namna ya kujirekebisha hata ikikosea, maana kosa litawauma waliolifanya. Kama unatoka kwingine, kwenye ada za wanaofungua matawi, kwenye thamani ya kiwanja, kwenye bei ya hisa, kwenye malipo ya wauzaji wa jumla, basi kampuni inaweza kuonekana inanawiri kwa miaka mingi huku duka lenyewe linakauka. Takwimu za makao makuu zitapanda na kaunta itachakaa, na hakuna atakayeona mgongano hadi muda umekwisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Subway, migahawa ya sandwichi. Ilianzia Bridgeport, Connecticut, mwaka 1965, na kufikia 2015 ilikuwa na matawi zaidi ya 27,000 Marekani peke yake, mengi kuliko hata ya McDonald's. Matawi hayo ni mali ya watu binafsi. Mtu anatoa mtaji wake, anapewa jina na mapishi, kisha kila wiki anapeleka makao makuu asilimia 8 ya mauzo, pamoja na asilimia 4.5 nyingine kwa ajili ya matangazo. Asilimia hizo hukatwa kwenye mauzo, kabla mkate, pango na mishahara havijalipwa.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Mtaa una tawi moja linalouza dola 10,000 kwa wiki. Makao makuu yanapata 800. Likifunguliwa tawi la pili jirani na kila moja likauza 6,000, makao makuu yanapata 960, na ripoti inasema mauzo ya chapa mtaani hapo yamepanda kwa asilimia 20. Lakini mwenye tawi la kwanza amepoteza dola 4,000 za mauzo kila wiki, na pango lake halijapungua hata senti. Atafanya nini? Atapunguza mfanyakazi mmoja. Mboga za jana ataziacha ziuzwe leo. Kiyoyozi kikiharibika atasema kisubiri. Mteja ataonja tofauti bila kujua inatoka wapi, na taratibu atazoea kupita mlangoni bila kuingia. Hakuna aliyevunja mkataba hapo. Kila mmoja amefanya kile ambacho malipo yake yanamwelekeza afanye, na ndiyo maana ugonjwa huu hautibiki kwa hotuba za kuhamasishana. Hata wawakilishi wa kanda, waliopewa kazi ya kutafuta wafunguaji wapya na papo hapo kuyakagua matawi yaliyopo, walilipwa kutoka fungu hilohilo.

Sandwichi ndefu ya dola 5, iliyotangazwa nchi nzima mwaka 2008, iliwafaa wote kwa muda. Uchumi ulikuwa umedorora, foleni zikarefuka, na wingi wa wateja ukafidia faida ndogo ya kila sandwichi. Gharama zilipopanda, ofa za namna hiyo zikageuka mzigo kwa aliye kaunta huku zikiendelea kuwa tamu kwa anayekata fungu la mauzo. Makao makuu yalipotaka kurudisha ofa ya dola 4.99 mwishoni mwa 2017, mamia ya wenye matawi walitia saini kuipinga. Wakati huo matawi yaliyokuwa yakifungwa yalikuwa tayari mengi kuliko yaliyofunguliwa. Leo Marekani yamebaki chini ya 20,000, na kampuni yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Roark Capital, mauzo yakakamilika 2024.

Krispy Kreme ilipita njia hiyo mapema zaidi, tena kwa kasi. Iliingia soko la hisa mwaka 2000 ikiwa kipenzi cha kila mtu. Donati yake ilikuwa na sifa moja kubwa, kwamba unaipata ikiwa ya moto, na taa nyekundu dirishani ikakujulisha kwamba zinatoka jikoni sasa hivi. Lakini sehemu nono ya faida ya kampuni ilitokana na kuwauzia wenye matawi unga na mashine. Kila tawi jipya lilikuwa mashine nyingine iliyouzwa, hata kama tawi lenyewe halitamaliza mwaka bila hasara. Matawi yakaongezeka kupita kiasi, donati zikapelekwa kwenye maduka ya vyakula na vituo vya mafuta, zikauzwa zimepoa ndani ya maboksi. Kufikia 2004 kampuni ilikuwa inatangaza hasara na kuchunguzwa kwa namna ilivyoandika hesabu zake. Watu wengi walisema kilichoiangusha ni mtindo wa kula wanga kidogo uliovuma wakati ule. Mtindo huo ulipita. Madhara ya kuwauzia wenye matawi mashine kuliko walivyoweza kuuza donati hayakupita upesi hivyo.

Linganisha na Chick-fil-A, migahawa ya kuku, ambayo kwa muundo wake ni karibu kinyume kabisa. Anayetaka kuendesha mgahawa wake huanza na dola 10,000 tu, kiasi kidogo mno kwa biashara hiyo, kwa sababu kiwanja, jengo na vifaa ni gharama ya kampuni. Kampuni huchukua sehemu ya mauzo, halafu inagawana na mwendeshaji faida inayobaki, nusu kwa nusu. Kwa kawaida mwendeshaji hupewa mgahawa mmoja na anatakiwa awepo mwenyewe. Kampuni iliyoweka fedha zake kwenye jengo na inayokula nusu ya faida haina sababu ya kupanda mgahawa mwingine ng'ambo ya barabara ili uunyonye wa kwanza. Matokeo yake ni kwamba mgahawa wa wastani wa Chick-fil-A unauza zaidi ya wa wastani wa McDonald's nchini Marekani, ingawa hufungwa kila Jumapili. Wengi huisifia adabu ya wahudumu wao. Adabu ipo, na mimi naiheshimu, lakini adabu hufundishwa vizuri zaidi mahali ambapo mwalimu yupo dukani na kipato chake kinategemea somo hilo.

Nisiseme kwamba kila kampuni inayokusanya asilimia ya mauzo itakufa. Domino's ya piza nayo hupokea fungu la mauzo, na huwauzia wenye matawi unga na jibini. Tofauti ni kwamba faida ya upande huo wa ugavi hugawana nao, takriban nusu, kwa hiyo haipati neema kwa kuwakamua. Tena Domino's imefanya kitu ambacho kampuni nyingi hukiogopa. Mwishoni mwa 2009 ilianza kurusha matangazo yaliyoonyesha wateja wakisema piza yake ina ladha ya boksi la karatasi, ikakubali mbele ya umma kwamba ni kweli, ikabadilisha unga, mchuzi na jibini. Ujasiri huo husifiwa sana kama ubunifu wa matangazo. Naona una mzizi mwingine: kampuni yenye wenye matawi wanaougua pamoja nayo husikia malalamiko ya mteja mapema, kwa sababu kuna mtu kila siku anayelipia gharama ya kutoyasikia.

Halafu ipo McDonald's, ambayo mtu anaweza kuniletea kama pingamizi. Takriban asilimia 95 ya migahawa yake ni ya watu binafsi, na fedha zake nyingi zinatokana na pango: kampuni humiliki au hukodi kiwanja kwa muda mrefu, kisha inampangisha mwenye mgahawa kwa kodi inayopanda pamoja na mauzo. Si ndiyo kampuni ya viwanja iliyovaa nguo za baga? Kwa kiasi fulani ndiyo. Lakini kumiliki kiwanja kwa miongo kunamfunga mwenye kiwanja kwenye afya ya mtaa huo. Hawezi kuokota ada na kuondoka. Na hata hivyo kishawishi kiliishinda. Katika miaka ya 1990 ilifungua migahawa kwa pupa, huduma ikalegea, na robo ya mwisho ya 2002 ikapata hasara ya kwanza ya robo mwaka tangu iingie soko la hisa mwaka 1965. Jim Cantalupo, aliyerudishwa kuiongoza mwanzoni mwa 2003, alipunguza ufunguaji wa migahawa mipya na kuelekeza fedha kwenye iliyopo: usafi, kasi, chakula, saa za kufungua. Alifariki mwaka uliofuata, lakini mwelekeo ulikuwa umeshageuka. Kwangu huo ni uamuzi mkubwa kuliko baga yoyote mpya waliyowahi kuitangaza.

Kiwanja kikitenganishwa na jiko, mambo huwa mabaya upesi. Mwaka 2014 kampuni ya migahawa ya Darden iliuza Red Lobster, migahawa yake ya vyakula vya baharini, kwa kampuni ya uwekezaji ya Golden Gate Capital kwa dola bilioni 2.1. Palepale viwanja vya takriban migahawa 500 vikauzwa kwa kampuni nyingine kwa dola bilioni 1.5, na migahawa iliyokuwa nyumbani kwake ikageuka mpangaji. Fikiria uzito wa jambo hilo: mnunuzi amerudishiwa sehemu kubwa ya fedha zake kabla hajauza sahani moja, na jiko limebaki na bili ya pango kila mwezi, mauzo yawe mazuri au mabaya. Miaka kumi baadaye, Mei 2024, Red Lobster ilifilisika. Dunia ilicheka kuhusu ofa ya dola 20 ya kula kamba hadi ushibe, iliyosababisha hasara ya dola milioni 11, na kweli ilikuwa ofa mbaya. Hata hiyo lakini ina swali lake la mlango, kwani aliyekuwa mmiliki mkuu wakati huo, Thai Union, ni mfanyabiashara mkubwa wa vyakula vya baharini na alikuwa akiiuzia Red Lobster kamba. Meneja aliyeletwa kuisimamia kampuni wakati wa kufilisika aliuliza katika nyaraka za mahakama iwapo uamuzi huo ulisukumwa na maslahi ya muuzaji. Migahawa ya pango dogo ingeweza kumeza kosa la dola milioni 11. Iliyokamuliwa tangu 2014 haikuweza.

Sears, kampuni kongwe ya Marekani ya maduka ya bidhaa za kila aina, ilikufa kwa namna hiyo, taratibu zaidi. Mara nyingi husimuliwa kwamba iliacha kuchapisha katalogi yake kubwa mwaka 1993, mwaka mmoja kabla Amazon haijaanzishwa, na kwamba ilikosa bahati ya karne. Ni kweli iliikosa, lakini baada ya 1993 ilikuwa na miaka 25 ya kujifunza, ikiwa na maduka, maghala, na majina ambayo watu waliyaamini kama vile Craftsman na Kenmore. Mwaka 2005 Eddie Lampert, mtu wa fedha, aliiunganisha na maduka ya Kmart. Katika miaka iliyofuata kampuni ilitumia karibu dola bilioni 6 kununua hisa zake yenyewe, huku ikiyawekea maduka fedha kidogo kuliko washindani wake. Mwaka 2015 iliuza maduka 235 kwa kampuni ya viwanja ya Seritage kwa dola bilioni 2.7 na kuanza kulipa pango kwenye mengi ya majengo hayo. Craftsman ikauzwa 2017. Oktoba 2018 ikafilisika. Ninachosikitikia ni wafanyakazi wake, waliokuwa wakiomba radhi kwa wateja kwa vitu ambavyo hawakuwa na uwezo wa kuvirekebisha. Mtu aliyeuza mashine za kufulia kwa miaka mingi anaijua kazi yake. Hakuna ujuzi wa mauzo unaoweza kuficha paa linalovuja.

Sasa Costco, maduka makubwa ambayo mteja hulipia uanachama, ambayo nimeiweka makusudi baada ya Sears. Inauza aina takriban 4,000 tu za bidhaa, wakati duka kubwa la Walmart lina zaidi ya 100,000. Imejiwekea kanuni ya kutozidisha asilimia 14 hivi juu ya gharama, au 15 kwa bidhaa za jina lake la Kirkland, kiwango ambacho maduka mengi yangekiona ni kujinyima. Faida yake hasa ni ada ya uanachama. Mwaka wa fedha wa 2023 ada hizo zilikuwa dola bilioni 4.6, na faida halisi ya kampuni nzima ilikuwa bilioni 6.3. Mwanachama akiona hapati thamani, mwakani halipi. Basi kila meneja wa Costco anajua kwamba kuongeza bei ya mchele leo ili kupamba robo hii ya mwaka ni kukata tawi analokalia, na zaidi ya asilimia 90 ya wanachama wa Marekani na Kanada huhuisha uanachama wao. Aldi ya Ujerumani haina ada, lakini nidhamu yake ni ya ukoo huohuo: bidhaa chache, nyingi za jina lake yenyewe, duka dogo, toroli la kuwekea sarafu ili mteja alirudishe mwenyewe. Kila senti iliyookolewa inaonekana kwenye bei, na bei ndiyo sababu pekee ya mteja kuja.

Malipo yaliyonyooka hayatoshi, lazima nikiri upande huo. Ron Johnson aliingia kuongoza JCPenney, maduka ya Marekani ya nguo na vitu vya nyumbani, mwishoni mwa 2011 akitokea Apple na nia njema kabisa: kufuta kuponi na mapunguzo ya uongo, kuweka bei moja ya haki. Hakuijaribu kwanza kwenye maduka machache. Mauzo yalianguka kwa robo nzima ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu wateja wa JCPenney walipenda kuponi. Kuwinda punguzo ilikuwa sehemu ya raha waliyoifuata dukani. Target, maduka mengine ya Marekani, nayo iliingia Kanada mwaka 2013, ikafungua maduka 133, na kompyuta zake zikajazwa vipimo na bei zisizo sahihi kiasi kwamba rafu zilikuwa tupu na maghala yamefurika. Mwaka 2015 ilifunga yote. Hakuna muundo wa umiliki unaoponya kutomjua mteja wako au kutojua kilichomo ghalani.

Wapo pia wanaoanza kupotea wakiwa na nia na malipo sawa, kwa hatua ndogo ambazo kila moja ina sababu nzuri. Howard Schultz, mwenyekiti wa Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, aliwaandikia viongozi wenzake mwezi Februari 2007 akilalamika kwamba mashine mpya za kahawa zimeharakisha huduma lakini ni ndefu mno, mteja hamwoni tena anayemwandalia. Na kwamba mifuko inayohifadhi ladha imeondoa harufu ya kahawa dukani. Nani angekataa mashine ya haraka, au mfuko unaotunza ladha? Lakini jumla yake ilikuwa duka lisilonukia kahawa. Aliporudi kuwa mkurugenzi mtendaji mwaka 2008 alifunga matawi 7,100 ya Marekani kwa saa tatu na nusu jioni moja ya Februari ili watengenezaji wafundishwe upya, na baadaye akatangaza kuyafunga kabisa 600. Hiyo ilikuwa gharama ya miaka ya kupima kasi peke yake.

Yanayonishughulisha zaidi leo yamo kwenye historia ya Tesco. Septemba 2014 kampuni hiyo ya maduka makubwa ya vyakula ya Uingereza ilikiri kwamba imekuza makadirio ya faida kwa takriban pauni milioni 250, na kiini chake kilikuwa malipo ya wauzaji wa jumla: fedha ambazo viwanda hulipa ili bidhaa zao zipate nafasi nzuri au zitangazwe, zilizoandikwa mapema kuliko ilivyostahili. Wakati huohuo wateja walikuwa wanahamia Aldi na Lidl. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati mbaya. Meneja wa bidhaa ambaye lengo lake la robo mwaka linatimizwa na malipo ya kiwanda atapanga rafu kwa ajili ya kiwanda, na mteja anayetafuta sabuni ya bei nafuu atainama hadi chini kuitafuta. Dave Lewis, aliyekuwa ameshika uongozi mwezi huohuo, alipunguza aina za bidhaa, akarahisisha makubaliano na wauzaji na kushusha bei. Ilichukua miaka, lakini Tesco ilirudi kwenye afya.

Sasa malipo yaleyale yanarudi kwa sura mpya. Walmart, Kroger, Tesco na wengine wanauza matangazo kwenye tovuti na programu zao, wakitumia wanachokijua kuhusu manunuzi yetu. Faida ya tangazo ni nono kuliko ya mkate au maziwa, na wakurugenzi huitaja kwa fahari mbele ya wenye hisa. Si lazima iwe mbaya. Fedha hizo zikipunguza bei rafuni, mteja amefaidika. Katika ripoti za miaka ijayo nitaangalia mambo mawili yakiwekwa kando kwa kando: mapato ya matangazo yanakua kwa kiasi gani, na bei za vitu vya kila siku zikilinganishwa na za Aldi zinakwenda upande gani. Nitaangalia pia kile ambacho mtu akiandika "maziwa" kwenye programu ya duka lake anaonyeshwa kwanza, maziwa anayoyanunua kila wiki au maziwa ya aliyelipa.